Kati ya Makusudi na Bahati Mbaya

Ninyi mtakaopewa filimbi baada yangu, msinitafute kwa mvi. Sina. Sijafika hata umri wa kuamkiwa shikamoo na kila kijana ninayekutana naye njiani, na tayari kazi yangu imekwisha. Nilikuwa mpiga filimbi wa mchezo wa mpira wa kikapu katika shule yetu hapa Morogoro. Nawaandikia kwa sababu filimbi ile ile itawafikia, na hakuna atakayewaeleza lolote, kama ambavyo mimi sikuelezwa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuutazama. Nikisalimiwa na mtu, nafika nyumbani bado najiuliza kama nilimwitikia vizuri. Mtu wa namna hiyo hafai kupewa filimbi. Nilipewa kwa sababu miongoni mwa walimu wasaidizi ni mimi tu niliyejua Kijerumani kidogo, na Kijerumani chenyewe nilijifunza peke yangu kwa kusoma maandishi ya masanduku yaliyoshushwa stesheni. Nilijua kusema “usipindue” na “weka pakavu” kabla sijajua kusema “habari za asubuhi”.

Mwalimu mkuu wetu Mjerumani tulimwita Bwana Kamba, kwa kuwa alipima kila kitu kwa kamba: uwanja, madawati, hata urefu wa kanzu zetu kutoka ardhini. Siku moja alileta mpira wa ngozi na kitabu chembamba cha sheria za mchezo, akanikabidhi vyote viwili, akapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam.

Kitabu kilinishinda. Nikategemea picha. Moja ilionyesha mtu amesimama mbele ya mwenye mpira, mikono juu. Nikaamua hiyo ndiyo sheria yenyewe: asiye na mpira lazima ainue mikono. Basi mpaka Bwana Kamba aliporudi na kunisomea kitabu chenyewe, vijana wetu walikuwa wanakimbia uwanjani mikono juu kama mateka. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kutazama. Mama mmoja aliniuliza, “Mwalimu, hawa wamefanya nini?”

“Wanacheza, mama.”

“Mungu awasaidie,” akasema, akaenda zake.

Siku nyingine gari moshi lilipiga filimbi likiingia kutoka Mikese, na wachezaji wote wakasimama wakidhani ni mimi. Niliona haya kusema sikupuliza. Nikabuni kosa papo hapo, nikampa mmoja wao, naye akaniomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi. Msiogope kuanza vibaya.

Kikapu chetu kilisukwa na Mzee Mloka wa Mgeta, msusi wa matenga, aliyekuwa akiteremka mlimani kuwauzia Wahindi wenye maduka. Aliagizwa tenga moja, kisha akaambiwa alikate kitako ili mpira upite.

“Nilikate kitako?”

“Ndiyo, mzee.”

“Tenga lisilo na kitako ni la mtu asiye na shamba.”

Alilikata huku amegeuza uso, kama mtu anayechinja kuku wa jirani. Tangu hapo, kila alipoteremka alikuja kukaa kando ya uwanja juu ya tenga lililopinduliwa, kutazama jinsi kazi yake inavyotukanwa. Huko kwao aliwahi kuitwa mara nyingi kuamua magomvi ya mipaka ya mashamba. Mchezo wenyewe hakuuelewa, lakini alielewa watu wanaogombea mahali pamoja. Yeye ndiye aliyeniambia niache kutazama mikono.

“Mikono inasema uongo,” alisema. “Tazama nyayo.”

Hili lishikeni, maana ndilo linalowachanganya watazamaji wote. Wachezaji wawili wakigongana, mmoja akaanguka, umati unamwonea huruma aliyeanguka na kukupigia kelele umwadhibu aliyebaki wima. Usikubali. Jiulize nani alikuwa ameshatua nyayo zake mahali pale. Kama mzuiaji alikwisha kusimama, na mwenye mpira akamvamia, kosa ni la mwenye mpira, hata kama yeye ndiye aliyeanguka na kuvuja damu. Kama mzuiaji alijitupa njiani mwake wakati ule ule wa kugongana, kosa ni la mzuiaji. Wakati wa kiangazi vumbi litakuambia: nyayo zilizotulia hazitimui vumbi. Wakati wa masika tafuta mburuzo kwenye tope. Anayevuta kanzu ya mwenzake utamsikia kabla hujamwona, kwa sababu uzi ukikatika una sauti yake. Na anayeanguka kweli mikono yake huchelewa kumkinga. Anayeanguka huku ananitazama mimi, huyo ameanguka kwa ajili yangu.

Halafu, usipulize kwa pumzi ya kwanza. Ile ni pumzi ya hofu. Ngoja ya pili.

Yote hayo nilijifunza, na nikafika mahali nikaanza kujiona hodari. Lakini hayo yalikuwa makosa ya kitabuni, na adhabu ya kitabuni ni nyepesi: upande uliokosewa hupewa mtupo mmoja bila kuzuiwa. Bwana Kamba aliongeza sheria yake mwenyewe. Kila mchezaji alipoangushwa, alisimama kwenye kiti chake na kuniuliza mbele ya watu wote, “Makusudi au bahati mbaya?” Nikisema bahati mbaya, mpira unarushwa, mchezo unaendelea. Nikisema makusudi, mchezo ukiisha mchezaji analazwa chini karibu na mlingoti wa bendera, na askari wa boma anamchapa kiboko.

Yaani filimbi yangu ilikuwa na mkia, na mkia wake ni ngozi ya kiboko. Nyayo naziona. Vumbi naliona. Lakini makusudi yako tumboni mwa mtu, nami niliulizwa kama vile nimo humo. Mara nyingi nilisema bahati mbaya. Sitawaficha, wapo niliowaona wakipiga kwa nia mbaya nami nikasema makusudi. Mmoja alimvunja mwenzake meno kwa kiwiko. Nilisema kweli, na bado nilizunguka nyuma ya jengo la shule nisisikie, nikasikia.

Kati ya wachezaji wetu walikuwapo wawili ambao kila mtu alikuja kuwatazama. Kibwana alikuwa mtoto wa mjini, mfupi, mwenye mwandiko safi kuliko wa walimu, na alikwisha kuahidiwa ukarani bomani. Lukoa alikuwa mpwa wa Mzee Mloka, mrefu, amezoea miteremko ya Mgeta hata akadai kwamba uwanja tambarare unamtia kizunguzungu. Bwana Kamba aliwaweka pande tofauti ili mchezo unoge. Hakujua kwamba koo zao ni za utani.

Ninyi wa Uluguru hamhitaji kuelezwa, lakini huenda filimbi ikamwangukia mtu wa kwingine. Mtani wako anaweza kukunyang’anya kofia, kukutukana mbele ya mkweo, kukusukuma kwenye tope, na huna ruhusa ya kukasirika wala kumshtaki. Na siku ya msiba wako yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa wakati hakuna mwingine anayethubutu kufungua mdomo. Si hiari yake. Ni wajibu.

Sasa fikirini kumpigia filimbi mtu wa namna hiyo. Uwanjani walikuwa hawafungi midomo.

“Wewe mfupi, ukifa tutakuzika kwenye chupa.”

“Na wewe tutakukunja kama mkeka uliooza. Ondoka, unanizibia jua!”

Lukoa alimpiga Kibwana kofi la kisogo kila alipompita. Ni kosa, kitabu kimeandika. Kibwana mwenyewe angeshangaa kama asingepigwa. Nilikuwa napuliza mara moja katika mara nyingi, na hata hapo wote wawili walinitazama kama mtu anayeingilia mazungumzo.

Siku ya sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wa Wajerumani, palikuwa na mashindano ya kila aina. Askari walikuwapo, wenye maduka na jamaa zao chini ya miamvuli, na watu wa mlimani walioteremka kwa ukoo mzima. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelowesha uwanja. Karibu na mwisho Kibwana alikuwa chini ya kikapu na mpira mkononi, akijaribu kurusha na kukosa. Lukoa alikuja kwa nyuma. Hakugusa mpira. Alimshika Kibwana kiunoni, akamwinua juu kama mtoto mchanga na kumsogeza kwenye kikapu.

“Tumsaidieni jamani, hafiki huyu!”

Watu walikufa kwa kicheko. Kibwana naye alicheka, akirusha miguu na kumtukana Lukoa na wajomba zake wote. Ndipo kisigino cha Lukoa kilipoteleza kwenye tope. Wakaanguka pamoja, na mkono wa kulia wa Kibwana ukawa chini. Niliusikia. Ulilia kama kuni kavu.

Nilingoja pumzi ya pili, nikapuliza. Bwana Kamba alikwisha kusimama.

“Makusudi au bahati mbaya?”

Kumwinua kulikuwa makusudi. Kuanguka kulikuwa bahati mbaya. Mkono ulivunjwa na lipi? Ningeweza kukaa na swali hilo mwaka mzima. Nikachagua neno la kumwokoa Lukoa.

“Bahati mbaya, Bwana.”

Upande wa watu wa mlimani kicheko kikakatika. Mzee Mloka aliinuka kutoka kwenye tenga lake.

Nilikuwa nimeharibu, na nilijua nilivyoharibu mara tu neno liliponitoka. Mkono uliovunjwa na mtani katika utani hauna kesi. Lakini nikisema ni bahati mbaya, nimesema Lukoa hakuwa katika utani. Nimemfanya mgeni aliyemwumiza mtu wa ukoo mwingine, na wazee wa Kibwana, wapende wasipende, wangepaswa kwenda kubisha hodi kwa mjomba wa Lukoa kudai fidia. Koo mbili zilizochekeana tangu mababu zingekaa kitako kushtakiana kwa sababu ya kinywa changu. Nilidhani kila mtu atafahamu kuwa nasema kwa ajili ya sikio la Mjerumani. Lakini neno likisemwa mbele ya wazee halichagui sikio.

Lukoa alijifuta tope, akasogea mbele.

“Mwalimu, samahani,” aliniambia kwa adabu. “Si bahati mbaya. Nilimbeba kwa makusudi. Huyu ni mtani wangu.”

“Makusudi kabisa, Bwana!” akapiga kelele Kibwana kutoka chini, jasho likimtiririka, akidhani anasaidia. “Hana akili, lakini alikusudia!”

Bwana Kamba alisikia neno moja tu kati ya yote hayo.

“Bwana, hawa ni watani,” nilianza. “Kwa desturi yao…”

“Neno moja, mwalimu. Nimekwisha kulipata, na si kutoka kwako.”

Walimlaza Lukoa alasiri ile ile, mbele ya watu wa sikukuu. Kibwana, mkono umefungwa kwenye kipande cha ubao, alikataa kupelekwa kwa tabibu. Alikwenda kusimama karibu na kichwa cha Lukoa, na kiboko kilipoanza, naye akaanza.

“Wee Lukoa! Urefu wote huo, kiboko kitachoka kabla hakijafika miguuni! Askari, pole ndugu yangu, leo umepewa shamba kubwa!”

Watu wakacheka. Walicheka huku wanalia, wanawake wa Mgeta wameziba vinywa kwa ncha za nguo zao. Lukoa, uso kwenye tope, alimjibu.

“Nikiinuka… nauvunja… na wa pili.”

“Uinuke? Nani atakuinua, mimi nina mkono mmoja! Tazameni, hata kulala hajui, amelala kama mbuzi wa maskini!”

Baada ya muda Lukoa aliacha kujibu. Kibwana hakuacha. Sauti ilimkauka, matusi yakamwishia, akayarudia yale yale, akamtukana bibi yake, akatukana miti ya Mgeta, mpaka askari alipojifuta uso na kuweka kiboko chini. Kisha Kibwana akakaa kwenye tope, akatapika.

Bwana Kamba alinijia akiwa ametulia. “Umeona,” aliniambia, “aliyeumizwa amefurahi. Watu wanapenda haki ikitendeka mbele ya macho yao.”

“Ndiyo, Bwana,” nikasema.

Lukoa alibebwa kwenye machela hadi Mgeta. Mkono wa Kibwana uliunga vibaya, vidole havikuweza tena kushika kalamu, na ukarani akapewa mwingine. Nilikaa nikiyapima maneno mawili yale, nikipika bila kula, mpaka siku moja nilipoamua kupanda mlima.

Nilimkuta Lukoa amelala kifudifudi kwenye mkeka mlangoni. Vidonda vilikuwa vimeoza kisha vikafunga, na ngozi ya mgongo ilikuwa imejivuta hata hakuweza kunyooka. Hatabeba tenga tena kwenye njia zile. Mzee Mloka alikuwa ukutani akisuka. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee.” Aliitikia marahaba kama inavyopasa, na hilo ndilo neno pekee alilonipa siku nzima.

Kibwana alikuwa kwenye shamba la maharage la kina Lukoa, analima kwa mkono wa kushoto.

“Mwalimu karibu!” aliita. “Umekuja kumwona mfalme? Analala, mimi nalima!”

“Analima nini huyo,” alisema Lukoa bila kuinua kichwa. “Anakata maharage na kuacha magugu. Mwambie arudi kwao.”

“Nikirudi utakula nini, mkeka?”

Nilikaa chini. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yalibaki machache.

“Lukoa, siku ile nilipaswa kusema nini?”

Kibwana akasimamisha jembe.

“Ungesema nilikusudia,” alisema Lukoa, “na ungesema si kosa.”

“Hakuniuliza kama ni kosa.”

“Ndiyo. Ungemwambia asichouliza.”

“Angesema hivyo,” Kibwana akadakia, “naye angelazwa pale pale ulipolazwa wewe.”

“Basi tungekuwa na mgonjwa wa pili,” Lukoa akasema. “Na mimi peke yangu nimekwisha kukuchosha kunicheka.”

Wakacheka wote wawili, Lukoa akishika ukingo wa mkeka kwa maumivu ya kucheka. Mimi sikucheka. Sikuwa na haki hiyo.

Kwa hiyo hili ndilo ninalowaachia, na ni zito kuliko nyayo na vumbi. Kila mara mtu akigusa mtu uwanjani yako maswali mawili: alikusudia? Na amekosea? Yapo makosa yasiyokusudiwa, na adhabu yake ni mtupo. Yapo yaliyokusudiwa yasiyo kosa, na hayo kitabu hakiyajui. Anayekuuliza anaweza kuyafunga yote mawili kwa fundo moja na kukutaka ujibu haraka. Yafungue kwanza.

Mchezo wa mwisho niliopuliza ulikuwa wa kawaida, bila bendera za sikukuu. Kijana mmoja mgeni kutoka mlimani alimvua mtani wake kofia na kuirusha ndani ya kikapu badala ya mpira. Mtani alimkimbiza, akajikwaa kwenye mguu wa kijana yule, akaanguka, akainuka mdomo unavuja damu, anacheka. Watazamaji walicheka kidogo tu, wakamtazama Bwana Kamba. Naye alikuwa amesimama.

“Makusudi au bahati mbaya?”

Tangu siku niliyotoka Mgeta nilikuwa nimejifunza jibu kwa Kijerumani, sentensi ndefu na nzuri, nikiirudia nikioga na nikitembea. Yote ilikimbia.

“Makusudi, Bwana,” nikasema kwa Kiswahili. “Na si kosa.”

“Sikuuliza kama ni kosa.”

“Najua, Bwana.”

“Kitabu kinasema nini?”

“Kitabu hakiwajui hawa.”

Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Msinihesabu shujaa. Kama angeniuliza mara ya pili, sina hakika ningejibu vile vile. Hakuniuliza. Alinyoosha mkono, nikampa filimbi, akampa mwalimu aliyekuwa jirani yake bila hata kumtazama, kisha akamwita askari. Uso wake ulikuwa umenigeukia mimi tu. Kijana wa mlimani alisimama akingoja kuitwa, akaona haitwi. Akaenda polepole chini ya kikapu, akaokota kofia, akaikung’uta vumbi, akamrudishia mwenyewe. Hata jina lake nilikuwa sijalishika. Wakaondoka wawili kwenda kwao kula, nami nikaambiwa nivue kanzu.